"Ni ya asili" si jibu, wasee

Wasee, tuambiane ukweli. Kila nikishika simu kuna mtu anauza jeli ya mwani na vidonge vya kukuza nywele. Muulize, "Na kama niko kwa dawa za thairoidi?" Atakujibu, "Usijali, ni ya asili." Hata sumu ya nyoka ni ya asili, buda.

Dadangu humeza levothairoksini kila asubuhi. Kuna mjuaji akamwambia aongeze madini ya chuma na kalsiamu. Akawa anazibugia zote pamoja, na chai juu. Baada ya miezi kadhaa uchovu ukarudi, nywele zikaanza kung'oka. Dawa haikuwa mbovu. Chuma na kalsiamu huishika tumboni, ikaingia kidogo tu kwa damu.

Dawa hiyo humezwa na maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Chuma na kalsiamu zingoje saa 4. Biotini ya nywele nayo inaweza kudanganya kipimo cha damu, daktari akakubadilishia dozi bure. Na mwani una ayodini, ambayo ikizidi huvuruga thairoidi yenyewe.

Wewe unayeuza bila kuuliza mteja anameza nini, huuzi afya, unacheza kamari na shingo ya mtu. Nawe unayenunua, beba chupa zote umwonyeshe mfamasia. Na dawa yako usiiache eti kwa sababu ya video ya sekunde 30.