Osiloskopu ya Mwalimu: Tuchague kwa Somo, Si kwa Sifa

Katika mambo yanayomtatiza mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, kubwa ni kuwafundisha watoto jambo wasiloliona kwa macho. Tunawaambia kwamba sauti ni mtetemo. Wao hulikariri neno hilo, hulijibu katika mtihani, nalo hubaki neno tu. Kwa hiyo nafurahi nionapo wanachuo wapendao ufundi wa redio wakijiwekea akiba wanunue osiloskopu, yaani chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Hata hivyo, naona wengi hukichagua kwa kipimo kisicho chake.

Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani alibuni mrija wa kuchora mawimbi hayo mwaka 1897, na kwa miaka mingi osiloskopu ilikuwa sanduku zito. Leo zipo zinazoenea kiganjani. Muuzaji husifu kwanza wingi wa mawimbi ambayo chombo chaweza kuonyesha kwa sekunde. Wingi huo ukipanda, bei nayo hupanda. Mwalimu hana budi kujiuliza: je, somo langu lahitaji kiasi gani? Sikio la binadamu husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 hivi kwa sekunde. Chombo kidogo kiitwacho DSO138, ambacho huuzwa pia kikiwa vipande vya kujiunganishia kwa risasi, huonyesha mawimbi hadi 200,000, na hupima umeme mara 1,000,000 kwa sekunde. Basi hata sauti nyembamba kabisa tuisikiayo hupimwa mara 50 katika kila wimbi. Kwa darasa la msingi, anayelipa zaidi ya hapo hununua sifa.

Tena chombo hicho hutumia volti 9, yaani betri sita za redio zilizofuatana. Shule isiyo na umeme haitakikosa. Kiunganishwe na maikrofoni yenye kikuza sauti chake. Mtoto akipiga mluzi, mawimbi yatasongamana. Akiimba kwa sauti nzito, yataachana. Kioo ni cha inchi 2.4 tu, kwa hiyo watoto na waje kwa makundi madogo, kila mmoja apate zamu yake.

Lipo jambo moja lisilo na mzaha. Nilipata kumkuta mwalimu kijana akitaka kuingiza nyaya za chombo kama hicho katika soketi ya ukutani, awaonyeshe watoto umeme wa nyumbani. Nilimzuia mkono. Kikomo cha DSO138 ni volti 50 kwenye kilele, na umeme wa volti 230 hufika kilele cha volti 325 hivi. Aidha, bodi isiyo na ganda humwachia mtoto kugusa kila kitu. Unafuu wa bei usitufanye tuhatarishe maisha: betri tu, kamwe si soketi.

Na kama haja yenu ni sauti peke yake, programu ya simu ya mkononi yaweza kuchora mawimbi yake bila gharama ya chombo kipya. Osiloskopu yastahili fedha zenu pale mnapokusudia kuonyesha pia umeme wa betri na wa saketi mlizounda wenyewe. Ndugu wanachuo, andikeni kwanza andalio la somo, ndipo muulize bei.