Betri au gemu? Mjomba nimeumbuka Lugoba!

Wiki hii sina umbea wa mtu mwingine. Umbea ni wangu mwenyewe, na nauleta hapa mapema kabla mpwa wangu hajaumwaga mjini.

Mpwa huyo anasoma uhasibu kwenye chuo kimoja jijini Dar. Mama yake, dada yangu mkubwa, anauza chai, supu na chapati pale Lugoba, kando ya ile barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Wateja wake ni madereva wa malori ya kokoto na vijana wa machimbo ya mawe. Mwaka jana ilipofika zamu yake kwenye mchezo wa akina mama, akapokea laki tisa, akanivutia waya: "We ndo unajua mambo ya mitambo. Mpeleke mwanao akanunue kompyuta ya kusomea."

Nikampeleka Kariakoo. Dukani tukakuta laptopu mbili za mtumba, bei moja. Ya kwanza nyembamba, nyeusi, haina mbwembwe hata chembe, sura kama daftari la karani. Ya pili nene, kibodi inawaka taa nyekundu, na ndani ina kadi ya grafiki ya peke yake. Muuzaji akaifungulia gemu ya mpira. Jamani! Nyasi unaziona moja moja, jasho la mchezaji linang'aa. Mpwa akanitazama usoni. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikasema, "Chukua hii. Ina nguvu, hata kusoma utasoma haraka."

Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilishajiona wikiendi nimekaa na padi mkononi.

Kimbembe kikaja wakati wa likizo. Mpwa alikuwa Lugoba kwa mama yake anaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, na mwisho wa kuituma kwa baruapepe ulikuwa Jumamosi saa sita usiku. Nami nikatia timu, eti nimekuja kumsalimia dada. Jumamosi mchana, badala ya kumwacha kijana aandike, nikamwambia, "Mechi moja tu." Mechi moja ikazaa mechi sita. Saa moja na nusu usiku radi ikapiga, mvua ikashuka, umeme ukakata mtaa mzima.

"Mjomba usihofu," akasema, "betri imejaa, asilimia mia."

Akafungua ripoti. Mia ikawa themanini. Themanini ikawa hamsini hata chai haijapoa. Feni inanguruma kama lori la kokoto linalopanda kilima. Dakika hamsini hazijapita, kioo kikawa cheusi. Ripoti iko ukurasa wa kumi na moja, hitimisho bado.

Dada akaja na tochi ya simu, akaimulika ile mashine kama anayemkagua mgonjwa. "Hii ndo laki tisa yangu?" Hakuna aliyemjibu. Mpwa aliangalia chini, nami nikaangalia dari.

Basi bwana, nikaivika laptopu mfuko wa plastiki, nikaifunika na koti, tukapakiana kwenye bodaboda na mvua ile mpaka kwenye gesti moja yenye jenereta. Nikanunua soda mbili ili tupewe soketi. Ripoti ikaondoka saa tano na dakika arobaini usiku. Dakika ishirini tu zilibaki, na nisingekuwa na cha kumwambia dada yangu.

Kesho yake nikaanza kuwasumbua mafundi ninaowafahamu, na niliyoyapata nakupa bure.

Betri ni kama tangi la lori, na ukubwa wake unapimwa kwa wati-saa. Mashine nayo ina ulaji wake, unaopimwa kwa wati. Gawanya la kwanza kwa la pili, unapata saa zako. Betri ya mpwa wangu imeandikwa wati-saa 52. Lakini huo ni uwezo wa siku ilipotoka kiwandani. Mtumba umeshatembea, na tulipoipima ilikuwa inabeba 38 tu. Kazi ya kuandika, ambayo inakula kama wati 10, ingetupa karibu saa nne. Gemu nzito ikila wati 60, unapata dakika 38. Mpira hauishi hata kipindi cha kwanza!

Sasa mbona sisi tulikuwa tunaandika tu? Hapo ndipo nilipoumbuka zaidi. Gemu hatukuifunga. Tuliishusha tu chini, ikaendelea kuchemka kimyakimya huku kadi ya grafiki ikinyonya betri.

Halafu kuna siri nyingine. Betri nyingi haziwezi kutoa nguvu zote ambazo chaja kubwa inatoa. Kwa hiyo ukichomoa waya, mashine inajipunguza mwendo yenyewe, na gemu inaanza kukwama. Betri inakwisha, na gemu yenyewe haina raha. Kucheza gemu nzito kwenye betri ni hasara juu ya hasara.

Kama tayari unayo mashine ya aina hiyo, usilie, itulize. Mpwa wangu tumempangia hivi: kwenye mipangilio, kazi za kuandika na hesabu zitumie grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ile kadi kubwa ilale mpaka iitwe na gemu. Mwanga wa kioo tukaushusha nusu. Gemu ikichezwa, tumeifungia picha 30 kwa sekunde badala ya 60, maana kadi inapochora picha nusu, kazi yake nayo inapungua sana, na joto linashuka. Joto ndilo linalozeesha betri hizi za lithiamu, kwa hiyo marufuku kuiweka juu ya godoro ikaziba matundu ya hewa. Na kama mashine yako inakubali kuishia kuchaji asilimia 80, iache hapo siku zote unazoshinda kwenye soketi.

Wewe ambaye ndo kwanza unakwenda kununua, jiulize maswali mawili. Unashinda saa ngapi mbali na soketi? Na gemu unayocheza kweli, siyo ya kwenye matangazo, ni ipi? Wengi wenu nawajua: ni PES 2013, au GTA San Andreas iliyotoka mwaka 2004. Hizo laptopu ya kawaida ya miaka ya karibuni, isiyo na kadi kubwa, inazimudu. Ukiwa unasomea uchoraji wa majengo au kuhariri video, hapo sawa, kadi kubwa ni jembe lako. Mhasibu jembe lake ni saa za betri.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa gemu tu kama mimi. Omba ufungue dirisha la amri la Windows, uandike powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti itakayotoka. Utaona betri iliundwa kubeba kiasi gani na leo inabeba kiasi gani. Ikibaki nusu, shusha bei au tembea. Halafu chomoa chaja, keti nayo nusu saa ukiandika. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Mpwa ripoti yake imepita. Laptopu bado anayo, ila mama yake ameweka sheria: gemu kwenye soketi, kazi kwenye betri, na mjomba haruhusiwi kugusa padi kabla hajauliza kazi za shule zimefika wapi.

Betri mpya nimenunua mimi. Dada hakusema neno, alinionyesha tu risiti ya duka na kidole chake kikaelekea mfukoni mwangu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.