Birika Nalo ni Zana ya Ulinzi

Maadui wa askari si wale wenye bunduki peke yao. Wako pia wanaoingia mwilini kwa kikombe.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia na Palma hadi mdomo wa mto Ruvuma, wananchi wengi hutegemea maji ya visima. Tufani ya Kenneth ilipolipiga jimbo hilo tarehe 25 Aprili 2019, kipindupindu kilifuata; na mwaka 2020 kikazuka tena, hata Mocímboa da Praia kwenyewe. Askari au polisi anayelinda wananchi hao huchota kisima kimoja nao.

Kwa sababu hiyo hapana budi kuitazama chai ya askari kwa jicho jingine. Wako wanaoidhania kuwa ni starehe ya kambini tu. Sivyo. Faida yake ya kwanza kwa tumbo haimo katika majani, bali katika moto. Maji yaliyotokota kwa dakika moja nzima hayana tena vijidudu hai vya kipindupindu wala vya kuhara damu. Lakini faida hiyo hupotea mara moja endapo askari, kwa haraka ya lindo, ataipoza chai kwa maji mabichi, au atasuuza kikombe kwa maji hayo.

Ieleweke pia kwamba chai si dawa. Chai yenye sukari nyingi yaweza kumzidishia kuhara aliyekwisha kuugua. Huyo apewe lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha afikishwe kwa mganga bila kukawia. Aidha, chai ya mkandaa inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga. Penye malaria na minyoo, maradhi yapunguzayo damu, ni busara kungoja saa moja baada ya kula.

Rai yetu ni kwamba kila kikosi na kila kituo cha polisi kitengewe sufuria, kuni na muda wa kuchemsha maji, kama kinavyotengewa risasi. Mahali ambapo moto wa usiku ni hatari, maji yachemshwe mchana na kujazwa katika chupa safi kabla ya doria. Wakuu walisimamie jambo hili wenyewe. Kikosi kinachoharisha hakiwezi kulinda kijiji.