Kabla Hujanunua Gari la Kulala, Lala Uvunguni Mwake

Kila likizo ya kiangazi ikikaribia, nyumbani kwetu swali ni lilelile: mwaka huu tunakwenda Tanga au hatuendi? Tiketi za watu wanne humeza akiba ya mwaka mzima. Safari hii mimi na mama watoto tumeamua Tanga iwe mwakani, na sehemu ya fedha inunue gari la mtumba la familia, lile ambalo Bongo tungeliita Noah tu hata kama ni Volkswagen. Tutaweka kitanda cha mbao, mapazia na jiko dogo, kisha tushike E4 hadi Haparanda, mpakani mwa Finland, zaidi ya kilomita 1,000.

Nimeshaangalia magari matatu kutoka Blocket, na haya ndiyo ninayowashauri wazazi na wanafunzi wenye ndoto kama yetu.

Kwanza, andika namba ya gari kwenye tovuti ya Transportstyrelsen kabla ya kupanda treni kwenda kuliona. Utaona lilikaguliwa lini na kama limepigwa marufuku barabarani. Marufuku ya kodi isiyolipwa hulifuata gari, si mwenye deni. Ukilinunua, umenunua na marufuku yake.

Pili, inama. Huku barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi huzaa kutu. Rangi ya juu inang'aa, chini kumeoza. Beba tochi, mwombe fundi alipandishe, mchungulie chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Uliza pia kama linauzwa pamoja na matairi ya baridi, maana kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 sheria inayadai barabara ikiwa na barafu au theluji.

Tatu, kama ni la dizeli, uliza ni Euro ngapi. Mtaa wa Hornsgatan una masharti ya moshi tangu 2020, na dizeli kuukuu hairuhusiwi kupita.

Nne, usikimbilie kung'oa viti. Ukibadilisha idadi ya viti vilivyosajiliwa, gari linahitaji ukaguzi mpya. Kitanda chetu kitakuwa cha kukunja, na watoto wabaki na viti na mikanda yao. Jiko litawashwa nje, kamwe si ndani milango ikiwa imefungwa. Hewa yake huua watu usingizini.

Wengi husikia habari za allemansrätten wakadhani unaweza kuegesha popote msituni. Haki hiyo ni ya mtembea kwa miguu na hema lake. Gari halina ruhusa ya kuacha barabara. Lala kwenye vituo vya kupumzikia, usome kibao kinasema saa ngapi. Nanyi wanafunzi, leseni ya nyumbani hutumika mwaka mmoja tu tangu uandikishwe mkazi.

Bibi yao alipoambiwa kwa simu kwamba tunakwenda mwakani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Lakini mkija, nisihitaji mkalimani kwa wajukuu zangu."

Basi tumeweka sharti: ndani ya gari, toka Stockholm hadi mpakani, ni Kiswahili tu. Mkubwa ameuliza kama kunung'unika nako ni kwa Kiswahili. Nimemwambia ndiyo, hasa huko.