Ukisafiri na visahani, usikimbilie uwanja wenye jina

Ukimwambia mtu Nairobi unaenda kucheza gofu, atakuuliza umetoa wapi hela za klabu. Lakini kuna gofu nyingine isiyotaka fimbo wala uanachama. Unarusha kisahani cha plastiki hadi kitue ndani ya kapu la minyororo, na aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Marekani ina maelfu ya viwanja vya mchezo huu, na vingi viko kwenye bustani za umma, bure kabisa.

Kwa hivyo wewe uliye Lowell au Worcester, huko Massachusetts ambako Wakenya hawakosi, na mmepanga na mabeste kukodi gari wikendi mchange mafuta mzunguke, tieni visahani kwenye buti. Shida itakuja mkianza kubishana mtasimama uwanja upi.

Najua mmoja wenu atataja Maple Hill. Uko Leicester, karibu tu na Worcester, ndani ya shamba la miti ya Krismasi, na mabingwa wa dunia huchezea hapo. Unalipishwa pia. Mimi nasema hivi: kama ndani ya gari kuna hata mmoja ambaye hajawahi kurusha kisahani, msianzie hapo. Shimo la kwanza tu linakukaribisha na bwawa. Kisahani huuzwa kati ya dola 10 na 20, na vingi vikiingia majini havielei. Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hiyo haitaki digrii. Kibaya zaidi, yule mgeni wa mchezo atarusha mara tatu, aone haya, kisha ashinde akiwapiga picha. Mafuta mlichanga watu wanne, mchezo mkacheza wawili. Hiyo si safari, bana.

Hebu fungua apu ya UDisc, lakini usidanganyike na nyota. Nyota hutolewa sana na watu walioshaiva kwenye mchezo, na uwanja mwepesi unaweza kunyimwa kwa sababu tu ni mwepesi. Wewe angalia urefu wa mashimo. Kwa anayeanza, mita 90 ni mbali tayari. Angalia idadi pia, maanake mashimo 18 mkiwa wanne yanaweza kuwala saa mbili au tatu, na bado mna barabara mbele yenu. Mashimo tisa yanatosha kunyoosha miguu. Halafu soma maoni ya wiki hizi, si ya mwaka juzi, ujue kama makapu yapo na kama njia imejaa tope.

Tena kucheza bustanini si kucheza daraja la pili. Ed Headrick, anayeitwa baba wa mchezo huu, aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka wa 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, mahali ambapo yeyote angeweza kuingia. (Alipofariki mwaka wa 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye visahani. Huyo alipenda kazi yake.)

Kama lazima iwe Maple Hill, sawa, lakini anzieni sehemu zenye alama nyekundu, ambazo ndizo za karibu. Za dhahabu waachieni wanaolipwa kucheza.

Na msimu uutazame. Majani yakianza kubadilika rangi, kila mtu hutaka kuendesha gari kuyatazama, ila yakishaanguka hufunika visahani ukatafuta hadi ukate tamaa. Desemba jua huzama saa kumi na robo hivi, kwa hivyo mkitoka nyumbani saa nane mmechelewa. Kiangazi kuna kupe kwenye nyasi ndefu, wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, basi soksi ndefu zivaliwe hata kama zinaharibu picha.

Andika jina na namba ya simu chini ya kila kisahani. Wachezaji wengi huko wakiokota hupiga simu au kutuma ujumbe, hata kama wewe umeshafika mji mwingine.