Rahisi kwa Nani?

Mjadala kuhusu sigara za kielektroniki, ambazo vijana wetu huziita 'vepu', aghalabu huishia katika swali la mnunuzi: je, achague kifaa rahisi kinachotumiwa kikaisha kikatupwa, au kile cha hali ya juu chenye tangi la kujazwa, betri ya kuchajiwa na vitufe vya kurekebisha nguvu ya umeme? Wauzaji hulijibu upesi. Cha kwanza, husema, ni cha anayeanza. Cha pili ni cha mzoefu. Jibu hilo lina mantiki ya biashara, lakini mwalimu na mwanafunzi hawana budi kulichambua, kwa kuwa hoja nzima imetundikwa kwenye neno moja tu, nalo ni 'rahisi'.

Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kitu cha bei ya chini. Kiswahili kikalipanua likabeba pia maana ya kitu kisicho kigumu. Katika kifaa hiki maana zote mbili zimekutana, kwani bei yake ni nafuu na matumizi yake hayahitaji maarifa yoyote. Hatari ni kwamba msikilizaji huongeza maana ya tatu ambayo neno halina, akadhani kwamba kilicho rahisi ni hafifu na hakidhuru. Ukweli wa mambo ni kinyume.

Kanuni ya vifaa vyote ni moja. Betri hupasha moto koili, koili hupasha kimiminika kilichonyonywa na pamba, na mtumiaji huvuta kile tunachokiita mvuke. Kwa hakika si mvuke wa maji kama wa birika la chai, bali ni ukungu wa matone madogo sana ya propilini glikoli, gliserini, viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Kifaa cha hali ya juu hutoa wingu kubwa. Kwa hiyo kimiminika chake aghalabu huwa na nikotini kidogo, labda miligramu 3 au 6 kwa kila mililita. Kifaa rahisi hutoa ukungu mchache, na ili kimridhishe mtumiaji, kimiminika chake hutiwa nikotini nyingi zaidi.

Nikotini nyingi ya namna ya kawaida hukwaruza koo. Ndiyo maana watengenezaji huichanganya na asidi, mathalani asidi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini inayovutika kwa ulaini. Kampuni iliyozindua Juul nchini Marekani mwaka 2015 iliueneza mtindo huo kwa kimiminika chenye nikotini asilimia 5 kwa uzito. Na tupige hesabu: mililita 2 zenye miligramu 50 kila moja ni miligramu 100, ilhali mililita 2 zenye miligramu 3 kila moja ni miligramu 6. Ni kweli kwamba mwenye kifaa kikubwa humaliza kimiminika kingi zaidi, na tofauti hiyo hupungua. Hata hivyo, anayeitwa 'mwanzo' ndiye aliyekabidhiwa kikombe kikali, tena kilichotiwa ladha ya embe asiuhisi ukali wake.

Simaanishi kwamba kifaa cha hali ya juu ni salama. Betri yake ikitumiwa vibaya yaweza kulipuka, na tangi lililo wazi hupokea chochote kitakachomiminwa.

Yupo mtu ambaye kwake uchaguzi huu una maana. Hon Lik, mfamasia wa Uchina aliyebuni kifaa hiki mwaka 2003, alikuwa mvutaji sigara aliyetafuta njia ya kuacha. Mtu mzima wa aina hiyo akihamia kwenye kifaa hiki kabisa huepuka moshi wa tumbaku iliyoungua, na kimiminika cha kupimwa chaweza kumsaidia kupunguza nikotini hatua kwa hatua. Lakini kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuta sigara, hakuna cha kuacha. Kuna cha kuanza tu. Ubongo wake unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na nikotini huuzoesha utegemezi mapema.

Mwalimu aliyeko Mbumbuni, Makueni, anaweza kudhani kwamba haya ni masuala ya Nairobi. Asisahau kwamba mwaka 2007 ulituletea mambo mawili: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, inayokataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, na huduma ya M-Pesa. Sheria ilikuwa na sigara na mwenye duka akilini. Leo bidhaa huweza kuagizwa kwa simu, ikalipiwa kwa simu na kuletwa na bodaboda, pasipo mtu kuuliza umri wa mnunuzi.

Majirani na wengine wamechukua hatua. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya 2015. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, na Uingereza ikakataza uuzaji wa vifaa vya kutupwa kuanzia Juni 1, 2025. Kwetu, Seneta Catherine Mumma aliwasilisha mswada wa 2024 wa kuirekebisha sheria ya tumbaku ili iziguse bidhaa hizi mpya. Watunga sheria wetu na wazipime bidhaa hizi kwa nikotini iliyomo, wala si kwa umbo au bei yake.

Walimu nao wasingoje Bunge. Somo la Kiswahili, kemia au hesabu latosha kumwonyesha mwanafunzi kilichojificha nyuma ya neno 'rahisi'. Akishajua kupiga hesabu ya nikotini, atakapoulizwa anataka kifaa kipi, atakuwa na jibu ambalo muuzaji hakulitaja: hata kimoja.