Kiongozi wa kweli hujibu

Tangu M23 walipoteka Bukavu Februari 2025, kila upande unasema unatutetea. Sisi wa Kazimia tutampima kiongozi kwa nini?

Kipimo kiko karibu. Tarehe 1 Januari 2011, askari wa serikali walivamia mji wa Fizi, wakapora mali na kubaka wanawake wengi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi iliketi Baraka. Wanawake walikuja kushuhudia. Kamanda wa askari hao, Luteni-Kanali Kibibi Mutware, alikana, lakini akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Cheo hakikumficha.

Tunaye pia Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake Bukavu, akakimbilia nje. Wanawake maskini wakauza mazao yao ili wamchangie tiketi ya ndege. Januari 2013 alirudi kati yao, ingawa hatari ilikuwa haijaisha.

Basi tusimchague mtu kwa sababu ya bunduki, zawadi au kabila lake. Tuulize mambo mawili: watu wake wakikosa, yeye hujibu? Sisi tukiumia, yeye yuko wapi?

Na maswali hayo yaanzie kanisani. Mchungaji, wazee na mwenye kutunza sadaka waulizwe mbele ya wote, nao wajibu bila hasira. Tukiogopa kumuuliza mzee wa kanisa, kamanda tutamuuliza namna gani?